Nyeupe Nayo Inamwagwa

Mimi macho yangu ni mekundu. Nianze na hilo tusije tukasumbuana mbele. Si mekundu ya pombe, maana pombe sinywi, wala si ya kulia, kulia nimeshaacha. Ni ya moshi. Mtu amebanika samaki tangu alipofiwa na mume, asubuhi yuko kwenye tanuri, jioni yuko kwenye tanuri, kuni zenyewe mbichi, unategemea macho yake yawe ya rangi gani? Ya bluu?

Lakini huku kwetu, ukipita Buswelu ukateremka mpaka ziwani, jambo jepesi kama hilo halisemwi. Mwanamke akishazeeka na macho yakawa mekundu, watu hawaulizi anapikia nini. Wanaulizana amemla nani. Mwaka ule baada ya mvua za Elnino, kipindupindu kilipopita kikizoa watoto na wakubwa, walimfuata mama Mashimba wa ng'ambo ya kilima nyumbani kwake, na mapanga. Mwanamke wa watu alikuwa anapikia kinyesi cha ng'ombe kikavu kwa sababu kuni kule zimekwisha. Sitaki kulisema zaidi ya hapo, chakula kitanitoka.

Basi mimi niliishi kwa kujificha. Kanga naishusha mpaka kwenye nyusi. Nikiongea na mtu natazama miguu yake, mpaka watu wa mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, wakadhani nina adabu sana. Na mtu akipiga hodi nyumbani kwangu, hata awe nani, nilikuwa namwacha asimame pale nje, naingia ndani, nachota maji kwa kata kwenye ndoo, nanawa macho kwanza ndipo namkaribisha. Kuna mtu aliniambia chai ya rangi iliyopoa inatoa wekundu. Nikanawa chai. Haitoi chochote, inakuachia uso unanuka majani ya chai tu.

Nina mtoto mmoja, Modesta. Alimaliza kidato cha nne, akajifunza kompyuta mjini, akapata kazi Nyakato kwenye kiwanda cha kuchapa cha Mzee Amirali. Mzee huyo zamani alikuwa anachapa kadi za harusi na lebo za sabuni. Soko lilipofunguliwa, kila mtu akaanza kuleta vitu kutoka Dubai, naye akaleta kompyuta. Mwanangu kazi yake ikawa kutia rangi kwenye picha. Nilipoambiwa hivyo nilifikiri brashi na makopo. Nikamwambia asisahau kuvaa nguo za zamani asijichafue. Alicheka mpaka akakaa chini.

Sasa mradi mmoja wa maji ukataka kitabu cha katuni cha kufundisha watu kuchemsha maji ya kunywa. Katika hadithi yake kuna bibi anayebanika samaki ufukweni, majirani wanaugua, yeye haugui kwa sababu maji yake anachemsha. Modesta akawaambia wenzake, bibi wa namna hiyo ninaye nyumbani. Akamleta mchoraji wao, kijana mmoja mpole anaitwa Mihayo, akakaa kwenye kigoda karibu na tanuri langu siku nzima ananichora. Alichora kanga yangu yenye maua makubwa. Alichora pengo langu la mbele. Alimchora hata mbwa wangu, mbwa asiye na faida yoyote. Nilikuwa nainamisha kichwa, yeye ananiomba niinue, nainua kidogo, nainamisha tena.

Mwisho nikamuuliza, bila kumtazama, macho atayafanyaje. Mihayo akasema yeye anachora mistari ya wino mweusi peke yake. Rangi zote ni za Modesta.

Usiku wa siku hiyo, nisiwadanganye, nilimwomba Mungu jambo la kijinga. Nilimwomba mwanangu ayafanye meupe.

Siku ya kwenda kuona kazi yao nilipanda lori la mapanki lililokuwa linarudi kiwandani tupu. Mapanki, kama huyajui, ni mifupa na vichwa vya sangara. Minofu inapanda ndege inakwenda Ulaya, mifupa inateremka kwetu tunaibanika. Nilikuwa nimeoga, nimejipaka mafuta, lakini ukishakaa nyuma ya lori lile hakuna kuoga tena. Nilipoingia ofisini kwao nikaona mtu wa kwanza ameinua pua. Mzee Amirali mwenyewe aliniletea kiti, akanikaribisha chai, akasema mama wa Modesta ni mama yetu. Nilimshukuru nikitazama viatu vyake.

Modesta aliniketisha kando yake. Akaniambia, "Mama, tazama, wewe huyu." Na kweli nilikuwa mimi, mistari mitupu, nimeinama juu ya tanuri kwenye kioo cha kompyuta. Akaanza kunionyesha kazi yake, na niseme ukweli, sijawahi kumwona mwanangu mzuri namna ile. Alikuwa anaongea haraka, mkono wake umeshika kile kidude wanachokiita kipanya, uso unawaka.

Aliniambia kwanza wanatia rangi bapa. Rangi bapa haina kivuli wala mng'aro, ni mpako mmoja tu kutoka pembe mpaka pembe, kama ukuta uliopigwa chokaa. Kila kitu kinapewa rangi yake moja: kanga moja, ngozi moja, mchanga mmoja, maji mamoja. Vivuli ni baadaye, na bapa zikiharibika hakuna kivuli cha kuziokoa. Akasema mistari ya Mihayo inakaa juu peke yake kama karatasi ya nailoni, na rangi zinapangwa chini yake, kila moja kwenye nailoni yake, ili ukikosea kwenye kanga usiguse ngozi. Na rangi ile anaipenyeza kidogo chini ya wino, kusibaki uzi mweupe katikati ya mstari na rangi. Nikamwambia hata sisi tukikandika nyumba udongo tunaupitisha chini ya fito. Akasema ndiyo hivyohivyo mama. Nikajiona na mimi nimo.

Ngozi yangu aliiandikia maji ya kunde. Akaniambia amejaribu mara nyingi, kompyuta haina maji ya kunde, ina namba tu, mpaka akaenda sokoni akanunua kunde akazichemsha akaweka bakuli karibu na kioo. Wenzake walimcheka wiki nzima, halafu mchana wakazila zile kunde.

"Sasa kanga," akasema. Kulikuwa na kijipicha cha kopo linalomwaga. Akalichukua, akalipeleka kwenye bega langu, akabonyeza. Tukangoja, mashine ile ilikuwa nzito kufikiri. Halafu wekundu ukatoka. Ukajaza kanga, sawa. Ukapita begani, ukapanda shingoni, ukajaza uso, ukaingia machoni, yote mawili, ukatoka ukaenda kwenye tanuri na angani na ziwani. Ziwa lote likawa jekundu.

Modesta akasema si kitu, kuna mahali Mihayo ameacha mstari haujafunga. Mstari usipofunga, hata kama nafasi ni ndogo kama tundu la sindano, rangi inavuja kote. Nyuma yetu alikuwa amesimama kijana mwingine wa ofisini, Josephat, anakula karanga. Yeye alikuwa anatazama kioo, hakunitazama mimi. Akacheka akasema, "Dada Modesta, hapo kwenye macho ndiyo umepatia kabisa. Bibi mchawi huyo."

Kisha akageuka, akaniona.

Jamani, nilitamani ardhi ipasuke. Karanga zilimkwama yule kijana kinywani, asitafune wala asiteme. Nilishusha kanga, nikajifanya natafuta kitu miguuni. Kilichoniuma si yeye. Mtoto wa watu ametaniana na mwenzake, angejuaje. Kilichoniuma ni kwamba nilimngoja mwanangu aseme neno, neno moja tu, hata "huyu ni mama yangu, macho yake ni ya moshi." Modesta hakusema. Alibonyeza kitufe, wekundu wote ukarudi kwenye kopo, picha ikawa mistari mitupu tena kana kwamba hapakutokea kitu. Masikio yake yalikuwa yamewaka moto. Aliona haya. Sikujua kama haya ile ni ya Josephat, ya kwake, au yangu.

Tukaendelea kama watu wasiosikia. Akaikuza picha mpaka bega langu likajaza kioo kizima, akanionyesha ile nafasi, akaifunga kwa nukta ya wino, akamwaga tena, safari hii kanga ikakaa kanga. Alifunga na nyingine shingoni na kwenye kope. Halafu akaenda kwa mtoto aliyesimama kando yangu kwenye picha, akamwaga nyeupe kwenye meno yake. Hapo nikashangaa, nikauliza kwa nini anamwaga nyeupe juu ya nyeupe, si anapoteza muda.

"Hiyo siyo nyeupe, mama, hiyo ni tupu," akasema. "Ukiiacha, rangi ya chini itachungulia. Nyeupe nayo inamwagwa. Lazima mtu aamue."

Nilikaa nikingoja afike kwenye macho yangu. Alimaliza tanuri, akamaliza moshi, akamaliza hata yule mbwa. Macho hakuyagusa. Mwisho akatazama saa, akasema ya macho ni kazi ya mwishomwisho, bora niondoke nisije nikakosa gari. Akanisindikiza mpaka barabarani, akanifungia andazi kwenye gazeti. Hatukutazamana.

Kitabu kilipotoka, Modesta alimpa dereva wa lori aniletee nakala yangu kabla ya watu wote. Niliingia nacho ndani, nikafunga mlango, nikakifungua karibu na dirisha. Macho yalikuwa meupe. Meupe pee, kama ya mtoto mchanga, na nukta nyeusi katikati. Nikakaa kitandani na kile kitabu mapajani nikacheka peke yangu. Nilifurahi, msinione vibaya. Nilijiona mwanamke aliyekuwepo kabla ya moshi. Nikakiweka chini ya mto.

Furaha hiyo ndiyo inayoniaibisha mpaka leo kuliko mengine yote yaliyofuata, au karibu yote.

Jumatano bwana afya wa kata alikuja mwaloni na maboksi. Akakusanya watu kwenye banda la kupimia samaki, akagawa vitabu, akaanza kuwasomea ukurasa kwa ukurasa. Watoto walinitambua mara moja. Wakapiga kelele za Bibi Wilhelmina, huyo Bibi Wilhelmina, pengo lake lile, mbwa wake yule. Wanawake wakacheka, mmoja akanipiga begani, akaniambia sasa nimekuwa mtu maarufu nitawasahau. Nami nikacheka. Nilisahau kushusha kanga.

Mzee Ndalahwa alikuwa amekaa mbele. Huyu ndiye mkubwa wa mwalo wetu. Hana cheo cha kuandikwa, lakini akikaa mahali watu wanakaa, akipita mahali kwa mbali watu wote wanapita mbali. Kipindupindu kilikuwa kimemchukulia mjukuu, mtoto wa kike aliyekuwa anakuja kwangu kuomba mikia ya samaki. Alikuwa ametulia anafunua kile kitabu polepole, analamba kidole, anafunua. Halafu akanyoosha mkono kama yuko darasani, akaomba aulize.

"Bwana afya, mmechora kila kitu sawasawa," akasema. "Kanga yake ni hiyo. Jino lake ni hilo. Hata mbwa ni mbwa wake. Macho ndiyo siyo ya kwake. Mimi nauliza tu, nani aliyaona yana nini mpaka akaamua kuyaosha?"

Hakusema kwa ubaya. Laiti angesema kwa ubaya, ningemjibu. Watu wote wakageuka, na mimi kanga yangu iko mabegani. Wakatazama kitabu, wakanitazama, wakatazama kitabu tena. Bwana afya akacheka cheko la ofisini, akasema hayo ni mambo ya mitambo, wino huwa unakosea. Lakini mimi nilikuwa nimekaa ofisini kwa mwanangu, nimefundishwa. Wino haukukosea. Nyeupe inamwagwa, na lazima mtu aamue. Mwanangu wa kumzaa ndiye aliyeamua, na kila mtu mwaloni anajua mwanangu ndiye anayetia rangi, maana mimi mwenyewe nilijisifu kwa kila mtu.

Niliumbuka. Siku ile sikuuza samaki hata mmoja. Kesho yake hivyohivyo. Wanawake wale waliokuwa wakinipiga begani sasa walikuwa wanazunguka nyuma ya mabanda wasipite mbele ya tanuri langu, na mmoja nilimsikia akimwita mwanawe kwa sauti ile tunayoitumia mtoto akikaribia kisima. Hakuna aliyenitukana. Walinisalimu kwa mbali, upesiupesi. Ndivyo ilivyoanza kwa mama Mashimba pia, salamu za upesiupesi. Usiku nilikuwa naburuta gunia la chumvi naliegemeza mlangoni, nalala na nguo zangu zote.

Nikamtuma dereva wa lori amwambie Modesta aje.

Alikuja Jumamosi asubuhi. Akaniamkia, nikamwitikia, nikampa kisu. Mapanki yalikuwa yameshuka mengi, na hata kama hakuna mnunuzi samaki hangoji, anaoza. Tukafanya kazi. Nilitaka aseme yeye kwanza, lakini mtoto huyu ana ukaidi wa baba yake. Moto ulikuwa wa kuni mbichi, upepo wa ziwani unarudisha moshi usoni, anakohoa, anasogea, moshi unamfuata. Sikumwonea huruma. Kila alipotaka kwenda kunawa nilimpa kazi nyingine. Mchana ulipopita nikamweleza yote, swali la Ndalahwa, samaki, gunia la chumvi. Alikuwa anageuza samaki huku ananisikiliza.

Akasema aliogopa. Akasema usiku ule kabla kitabu hakijakwenda kwenye mitambo macho yangu aliyamwagia nyekundu, akayatazama, akamkumbuka mama Mashimba, akaona vitabu vile vinakwenda kila mwalo mpaka Ukerewe, na macho ya mama yake ndani. Akayabadilisha. Mzee Amirali amesema mradi unataka toleo la pili, anaweza kuyarudisha yalivyo nikitaka, ni dakika chache tu za kazi, basi niseme nataka yawe vipi.

Nilikuwa na hasira zangu nimezitunza tangu Jumatano. Nikamwambia rangi ya kitabuni ingeniumiza kidogo tu. Lililoniumiza ni kwamba watu baki wananiona nina macho ya kichawi, na mtoto niliyemsomesha kwa moshi huohuo naye ameniona hivyohivyo, mpaka akachukua kopo akanifuta. Na Josephat aliposema lile neno lake, yeye mwanangu alikaa kimya.

Modesta akaweka chini ule mti wa kugeuzia. Akanitazama. Sijui ni lini mara ya mwisho tulitazamana.

"Mama, mimi nimejifunza wapi?" akasema. "Tangu niko mdogo kila mtu akipiga hodi unamwacha nje unakwenda kunawa. Siku ya wazazi shuleni ulisimama nyuma ya dirisha, hukuingia. Ulinifundisha niseme una mafua. Hujawahi kusema ni moshi. Hata kwangu hujawahi kusema. Mimi nilianza kujua ni moshi nilipokuwa mkubwa, na kabla ya hapo, mama, na mimi nilikuwa nakuogopa usiku."

Nilikaa kwenye kile kigoda alichokalia Mihayo. Uso ulinishuka wote. Mtoto wangu mwenyewe, amelala kando yangu kwenye kitanda kimoja, ananiogopa, na mimi nadhani amelala. Nilitazama moshi unavyotoka kwenye tanuri, sikuweza hata kulia, na hata ningelia nani angejua.

Tukakaa hivyo, kila mtu na samaki wake, mpaka jua likaanza kushuka upande wa visiwa.

Ndipo hodi ikapigwa. Niliijua ile sauti, na fimbo yake niliijua inavyogonga ardhi. Alikuwa Mzee Ndalahwa, amesimama nyuma ya uzio wa matete, peke yake, kikapu mkononi. Nyumbani kwake kulikuwa na wageni na tanuri lililokuwa na moto siku hiyo lilikuwa langu tu. Nilielewa hapohapo. Akiingia akakaa, kesho mwalo wote utanunua. Akigeuka akaondoka, basi, hata gunia la chumvi halitanifaa kitu.

Nikainuka ili niingie ndani kunawa. Miguu ilijipeleka yenyewe. Lakini mbele yangu kuna mtu alikuwa ameshainuka. Modesta. Ameingia ndani mbio, kichwa ameinamisha, kiganja amekiweka machoni, na mara nikasikia kata inagonga ndoo.

Yeye anaishi mjini, anakaa kwenye kiti cha kuzunguka, moshi umemshika siku moja tu. Na tayari amekimbilia ndoo. Hakuambiwa na mtu.

"Modesta, weka kata chini," nikasema. Nilisema kwa sauti, Ndalahwa alisikia. "Usinawe. Njoo umwamkie mgeni."

Nikadhani hatakuja. Halafu akatoka. Mikono inadondoka maji, uso mkavu, macho mekundu kama pilipili, yamevimba, hayafunguki vizuri. Nami nikatoa kanga kichwani nikaifunga kiunoni kama mtu anayetaka kuanza kazi. Nikasimama kando yake. Nikasema karibu, Mzee Ndalahwa.

Akaingia. Modesta akasema shikamoo.

Hakuitikia. Alimtazama Modesta, akanitazama mimi, akamtazama Modesta tena, kama siku ile na kitabu. Tulimngoja, sisi wawili, tumeinua nyuso, moshi unatupita. Nilikuwa nahisi mkono wa mwanangu, wa baridi, umeshika kidole changu kimoja.

"Marahaba, mwanangu," akasema mwisho. Kisha akauliza polepole, si mimi, yeye. "Na wewe macho yamekuwaje?"

Modesta alifungua kinywa. Nikamtangulia.

"Ni moshi," nikasema. "Yeye umemshika leo. Mimi umenishika tangu mume wangu afe."

Ndalahwa akaitikia kwa kichwa taratibu, akatafuta mahali pa kukaa, akaweka kikapu katikati ya miguu. Modesta akaanza kulia, kwa macho yale yale, na mimi nikaenda kumchagulia mzee samaki kwa sababu sikuweza kusimama pale. Ni moshi. Maneno mafupi hivyo, hata mtoto wa chekechea angeyasema. Nimekaa na watu hawa umri wangu wote, nimenawa maji, nimenawa chai, nimemtisha mwanangu usiku, na maneno yenyewe yalikuwa mafupi hivyo. Katika aibu zote nilizowahi kuona, hakuna iliyonishika kama hiyo.